Waya Mguuni mwa Kinda

Jumapili asubuhi nilitoka uwani kuanika mashuka, nikakuta kinda la kunguru limekaa chini ya kamba ya nguo, limejitanua kama mwenye nyumba. Wazazi wake walikuwa juu ya mwarobaini wa jirani. Nilipopiga hatua ya kwanza, mmoja alinishukia akanigonga utosini. Nikarudi ndani, nikachukua beseni la kufulia, nikajifunika kichwa, nikatoka tena. Uwanja ni wangu.

Habari za makinda nazijua. Kinda akishaota manyoya akashuka chini, hajapotea. Yuko shule. Majirani zangu wakimwona humwokota, wakamtia kwenye boksi na kumlisha mkate uliolowekwa mpaka afe, halafu wanasikitika. Dawa ni kumwacha hapohapo, wakubwa wake wamlishe. Lakini huyu kila akiruka alivutwa chini. Nikainama nimtazame. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kama kidole cha mtu, umekabwa na pete ya waya wa kijani, na mkia wa waya ule umenasa kwenye ufa wa sakafu.

Sikushangaa. Nyuma ya ukuta wangu ndipo lilipo jalala la kiwanda cha dobi nilichokifanyia kazi miaka kumi na tisa. Kunguru wa hapa hawahangaiki na vijiti. Kiota chao ni henga zilizopindwa, vibanio vya nguo na nyaya. Hata ndege tunawalea kwa takataka za kiwanda kile.

"Dada, vita imeanza?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, bahasha kwapani, sura ya mtu aliyetumwa. Yeye ni fundi mitambo hapohapo kiwandani. Mimi ndiye niliyempeleka akaombe kazi, na shati alilovaa siku hiyo nilimpigia pasi mimi.

"Ilianza zamani," nikamwambia. "Wewe ndiye umechelewa kuchagua upande."

"Toa beseni kichwani tuongee kama watu."

"Ongea. Masikio yako nje."

Alichokuja kusema nilikijua kabla hajafungua mdomo. Wiki nane zilizopita, mashine kubwa ya kunyoosha mashuka ilimeza mkono wa rafiki yangu tunayemwita Kicheko. Mashine ile ina upau wa kinga mbele ya magogo yake ya moto yanayozunguka. Mkono ukiugusa, mashine inasimama. Lakini shuka nene nalo huugusa, mashine ikasimama, na meneja hapendi kitu kilichosimama. Asubuhi ile nilipoingia zamu niliukuta upau umeinuliwa na kufungwa juu kwa waya. Nikapiga kelele. Meneja akasema niandike malalamiko. Karatasi sikuwahi kuimaliza, maana Kicheko alipiga ukelele wake mmoja, nami nilikuwa nimesimama mkabala naye, nimeshika ncha ya pili ya shuka lilelile.

Wakaguzi walipofika mchana, waya haukuwepo. Umeyeyuka. Mimi nikapewa likizo nisiyoiomba, nikaambiwa nina mshtuko, naona vitu. Meneja akampelekea Kicheko maua hospitali. Maua, mtu hana mkono wa kuyapokelea. Nayakumbuka yale maua, ninavyokumbuka mwaka walipotunyima glavu wakasema zinatufanya wazembe, na mwaka walipompa mzee wa boila, baada ya kuanguka kazini, cheo chenye tarehe ya siku tatu nyuma, ili aonekane alikuwa msimamizi wa makosa yake mwenyewe. Wao husahau kila Ijumaa wakifunga wiki. Mimi sina Ijumaa.

"Kikao cha uchunguzi wa ajali ni kesho saa tatu," mdogo wangu akasema. Akaitoa karatasi na kalamu mpya, bado ina kifuniko. "Wewe ndiye shahidi pekee aliyekuwa karibu naye. Saini hapa, Jumatano unarudi kazini."

Niliisoma nikiwa bado na beseni langu. Ilisema mimi, kwa akili zangu timamu, nilimwona Kicheko akiufunga upau kwa mikono yake ili amalize kazi mapema.

"Akionekana ndiye aliyeufunga, kiwanda hakilipii tena matibabu," nikasema. "Daktari ametaka kumpasua mara ya pili, vidole vilivyogandana kwa moto viachane. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Jana nilimkuta anajifunza kuvuta zipu kwa mkono wa kushoto. Ananiambia, huu ulikuwa umekaa bure miaka yote, sasa nimeuajiri. Akacheka. Mimi nikatoka nje."

"Dada, pale ndipo wanangu wanapokula."

"Kicheko naye alikuwa akila kwa mkono gani?"

Kinda akaruka, akavutwa, akaanguka ubavu. Kunguru juu wakalipuka, na wengine ambao si wazazi wala majirani wakaja mbio kutoka juu ya paa la kiwanda, wakatanda kwenye kamba zangu. Kwa ajili ya kinda la wenzao. Kicheko alipoanguka tulikuwa wanawake arobaini na mbili ukumbini, na mashine nyingine hazikuzimwa mpaka saa ya chakula. Hilo nalo silisahau, na mimi mwenyewe nimo.

"Una koleo?" nikamuuliza.

Fundi hatembei bila koleo hata Jumapili. Alijitia kuchoka, akalitoa mfukoni, akachuchumaa. Nilimkinga kwa beseni huku kunguru wakiligonga kama mvua ya mawe. Alimshika kinda taratibu, mbawa zimebanwa, kwa mikono yake ileile mizuri. Akaukata waya upande wa chini, fundo likabaki zima, akaupanua, mguu ukatoka. Kinda akachechemea hadi nyuma ya pipa la maji.

Yeye hakuinuka. Alibaki ameshika kile kipande cha waya, akikitazama, na mimi nikatazama anachokitazama.

Waya umezungushwa mara tatu, kisha ncha imerudishwa ndani na kubanwa chini ya mzunguko wa pili, isimchome mtu. Nani anafunga waya hivyo? Alipokuwa na miaka saba, akitengeneza magari ya waya, ncha ilimpasua kidole gumba. Nilimfunga kitambaa, nikakaa naye barazani, nikamwonyesha: zungusha mara tatu, rudisha ndani, bana. Hakuna mwingine aliyefundishwa. Mtindo huo niliubuni mimi mwenyewe siku ile.

"Nyaya ziko nyingi, dada," akasema.

"Nyingi. Fundisho ni moja."

Akaukunja mkono juu ya waya.

"Uliniapia," nikasema. "Uliniapia hapa, umeshika meza yangu, kwamba hukuugusa ule upau. Nikakupikia."

"Meneja alisimama nyuma yangu. Alisema ni kwa asubuhi moja tu, mashuka ya hospitali yalikuwa yamechelewa. Na aliponiambia niukate, niliukata. Nikautupa nyuma ya ukuta."

"Nyuma ya ukuta ndipo kwangu."

Nilimwekea ile karatasi kwenye ukingo wa karo la kufulia, upande mtupu juu. Nikaitoa kalamu kifuniko, nikamnyooshea. Sikumwambia aandike nini. Akaipokea, akaandika kwa herufi kubwa za kifundi kwamba upau aliufunga yeye, kwa amri ya meneja, na waya akauondoa yeye, kwa amri ya huyohuyo. Akatia tarehe.

"Jina," nikasema.

Akaandika jina. Kisha akaufungua mkono, akauweka ule waya juu ya karatasi usipeperuke.

"Watanifukuza kesho hiyohiyo. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Wiki nane umekuja hapa kula na kuniuliza mshtuko wangu unaendeleaje."

"Dada, nisamehe."

"Kamwombe mwenye mkono. Kesho utamkuta kikaoni, saa tatu. Usichelewe."

Akainuka, akafuta magoti, akaelekea mlangoni. Ni hatua kumi na moja kutoka karoni. Kunguru walimwangukia kwenye hatua ya pili, ukoo mzima, wakamgonga kichwani, shingoni, kwenye vidole alivyojikingia, yeye aliyemfungua mtoto wao sasa hivi. Aligeuka kunitazama.

Beseni lilikuwa mkononi mwangu. Sikumpa.