Kwenye Filamu Wanawahi

Imants alikuwa ameshapigwa risasi mara nyingi, na kila mara watu walishangilia. Ndiyo riziki ya Mlatvia katika filamu za vita za Kisovieti: ukiwa mrefu, nywele za rangi ya dhahabu, uso mkavu, unavalishwa sare ya afisa wa Kijerumani, na hakuna anayetaka kujua kwamba baba yako aliuawa na Wajerumani haohao. Uso ulimponza. Kule kwao Riga watoto wa jengo lake walimkimbia kwenye ngazi, na tangu mkewe afariki hakuna aliyembishia hodi.

Kwa hiyo yeye na waigizaji wenzake walipokwenda kupiga filamu kijijini Belarusi, akapangiwa chumba kwa Bi Taklia, mjane aliyeishi peke yake, alijiona kama mtu aliyerudi kwao. Bibi alimkaangia viazi, akamfokea kwa kutembea bila soksi za sufu, akamwita mwanangu. Alipomuuliza anaigiza nani, Imants alisema daktari. Uongo ulimtoka tu, halafu akaona haya kuurudisha. Tangu hapo kila jioni alivua sare kwenye lori la mavazi, akanawa uso vizuri, ndipo akashika njia ya nyumbani.

Jioni moja akamsimulia filamu yenyewe. Wanakijiji wanakusanywa ili wafungiwe ghalani wachomwe, na kabla moto haujawashwa, wapiganaji wetu wanatokea msituni.

"Wanawahi?" Bi Taklia aliuliza.

"Wanawahi, mama."

Bibi akageuza viazi. Wakati wa vita kijiji chake cha zamani kiliteketea na wanawe wawili, yeye akiwa kwenye shimo la kuhifadhia viazi, na msitu ulikuwa palepale, hatua chache tu.

"Haya," alisema. "Angalau kwenye filamu wawahi."

Mwongozaji alikuwa fundi kwelikweli, na fundi wa namna ile hana huruma. Siku ya tukio la ghala aliwapanga mstari wanakijiji wenyewe, Bi Taklia akiwa mmoja wao, akawaambia wasubiri, kamera inajaribiwa tu. Imants akaambiwa ajifiche ndani ya lori mpaka aitwe. Wakubwa wa studio kule Minsk wanataka watu watoke ukumbini wamejaa chuki, mwongozaji alimnong'oneza, lakini yeye anataka hofu yenyewe, ile isiyoigizwa. Akifanya vizuri, filamu ijayo atakuwa kapteni wa upande wetu.

Imants angeweza kushuka akamwonya bibi. Aliufikiria mlango wa lori muda mrefu. Lakini alitamani, mara moja tu maishani, afe halafu watu wamlilie. Akabaki ndani.

Alipoitwa, alipita mbele ya mstari, mbwa wakibweka, mpaka kwa Bi Taklia. Bibi alitazama buti kwanza, kisha uso. Akamtambua. Na bila kuambiwa na mtu, akainua mikono. Imants alikuwa na neno moja tu la Kijerumani la kusema. Akalisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hapo ndipo alipojichukia.

Jioni alikuta meza imeandaliwa, bakuli lake mahali pake. Lakini Bi Taklia alipompakulia, viazi vilimwagika. Akajaribu tena, vikamwagika tena.

"Mama, ulikuwa mchezo tu. Mimi ni yuleyule."

"Najua, mwanangu. Mimi najua. Mikono ndiyo haijui."

Akamwomba, bila hasira yoyote, akalale kwingine. Viazi alivifunga kwenye kitambaa akaviweka kizingitini, asije akalazimika kumpa mkononi.

Filamu ilipofika Riga, Imants alikaa safu ya nyuma, kofia imeshuka usoni. Uso wa Bi Taklia ulipojaa skrini nzima, ukumbi ulilia, na kweli ulikuwa uso wa kuliza. Kisha wapiganaji wakatoka msituni. Waliwahi. Afisa wa Kijerumani akapigwa risasi, akaanguka kwenye tope, watu wakashangilia kama kawaida yao. Na safari hii Imants naye alipiga makofi.