Pompe ya Kahawia Ndani ya Armoire ya Bashige

Bashige anavaa blouse nyeupe yenye stylo tatu mufukoni, na sijapata kuona hata moja ikiandika. Yeye ndiye titulaire, infirmier mukubwa wa kituo chetu cha afya hapa Katoyi. Funguo za armoire, ile kabati ya dawa, ziko kwake, cachet, muhuri wa kituo, iko kwake, neno la mwisho ni lake. Wale waliomuweka pale hawakuuliza kama anajua kazi. Waliuliza kama anajua kusalimia wakubwa, na hilo analijua sana.

Mimi ni Anastase Nizeyimana. Nilifika quatrième primaire kule Masisi, kisha ng'ombe za baba zikanitoa darasani. Leo kazi yangu ni kuchagua chupa tupu kwenye depo ya bia. Muke wangu Léoncie alikufa miaka tatu iliyopita. Asthme ilimufunga muchana kweupe, pompe ya bleu, ile ya kuvuta dawa kifuani, mukononi. Aliniachia binti mumoja, Munezero, na binti huyo amerithi kifua cha mama yake. Volcan ikitoa moshi, ao jirani akiwasha makala mabichi, kifua chake kinaanza kupiga filimbi.

Mardi moja tulikwenda kuchukua pompe ya bleu, ya tatu ndani ya mwezi mumoja. Bashige aliinyoosha bila kumutazama mutoto usoni. Lakini siku hiyo palikuwa mugeni, docteur Katungu, mwanamuke wa Butembo anayefundisha infirmiers na kuzunguka vituo akiangalia kazi yao.

— Ya tatu? akauliza. Munezero, unapiga mara ngapi kwa siku?

— Kumi na mbili. Ao kumi na tano. Zamani mbili zilitosha. Sasa haifungue tena.

— Na titulaire anakuambia nini?

— Niongeze.

— Docteur, pompe inafungua, Bashige akasema. Isipofungua, unaongeza. Ni logique.

Logique. Ndivyo alivyomuambia Léoncie pia.

Docteur alivuta kiti akakaa karibu yetu, si nyuma ya meza. Akasema mwili umejengwa na vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa cellules. Juu ya ngozi ya kila cellule kuna vipokezi vimetokeza nje, vinangoja kuguswa. Dawa ya bleu inashika kipokezi, kipokezi kinaambia cellule ilegee, na njia ya hewa inafunguka. Lakini dawa ikigonga bila kupumuzika, cellule inachoka na makelele. Ngozi inabonyea pale pale, inajikunja kama kifuko, inajifunga, na kipokezi kinamezwa ndani. Huko ndani kinachaguliwa. Kilicho kizima kinasafishwa na kurudishwa juu. Kilichogongwa kupita kiasi kinapelekwa pahali pa asidi, kinavunjwa vipande.

— Basi dawa inafika na haikute mutu mulangoni, nikasema.

— Ndiyo, papa.

Nilianza kucheka, na ilikuwa siku nyingi sijacheka.

— Docteur, hii ni kazi yangu. Camion ya bia haiachie bia mutu asiye na vidange, zile chupa tupu. Unatoa casier ya tupu, unapewa casier iliyojaa. Kama hauna tupu, camion inapita, hata ikiwa imejaa mpaka juu. Sasa Bonane, sikukuu ya mwaka mupya, watu wanakunywa mbio, na chupa zote zinaingia depo kwa mara moja. Mimi nachagua: nzima zinaenda kuoshwa zirudi muji, zenye ufa navunja. Siku tano, sita, chupa zikingali depo, buvettes, pahali pa kunywea, zinakauka. Bia iko. Chupa ya kuipokea ndiyo haiko.

— Papa Anastase, kesho utafundisha pahali pangu.

— Ni mutu wa chupa tu, docteur, Bashige akasema. Usimuchokeshe na mambo ya cellule.

— Mutu wa chupa ameelewa, nikamujibu. Wewe wa cachet, je?

Munezero alinikanyaga muguu chini ya benchi. Docteur hakucheka.

— Na chupa mupya zinatoka wapi, papa?

— Kiwandani.

— Basi kuna pompe ya kahawia. Inapoza uvimbe ndani ya njia za hewa, na inaamuru kiwanda kitengeneze vipokezi vipya. Lakini haifungue palepale, inaomba majuma. Titulaire, iko wapi?

— Haiko.

Docteur akanyoosha mukono aombe funguo. Bashige alipapasa mifuko yote, ya mbele na ya nyuma, kama mutu anayetafuta akili. Armoire ilipofunguka, carton ilikuwa pale chini, imejaa, vumbi juu yake.

— Watu hawaipende, akasema. Wanasema ni maji. Muulize huyu muzee. Yeye mwenyewe aliirudisha.

Wote wakanitazama.

Ni kweli. Kwetu dawa ni ile inayosikika: inachoma, ni chungu, inakutoa jasho. Isiyosikika ni wizi. Léoncie aliivuta siku mbili, akasema hasikii kitu. Nikaibeba kwa mukono huu, nikamuambia Bashige awape maji wajinga wengine, mimi anipe bleu. Akanipa. Kunieleza kungemukula dakika tano, na nyuma yangu kulikuwa watu.

Mimi sikujua, na hakuna aliyenilipa nijue. Yeye analipwa. Nitamudharau mpaka wanizike, yeye pamoja na wakubwa waliomupa funguo. Lakini mukono ulioirudisha haukuwa wake.

Docteur alimupa Munezero kahawia: mara mbili asubuyi, mara mbili mangaribi, hata siku kifua ni kizuri, na kusukutua kinywa kila mara. Bleu abaki nayo kwa siku kifua kinafunga. Kikikataa kufunguka, asikae nyumbani akiongeza, akimbizwe hopitali.

Siku ya ine, tukinywa chai, Munezero aliweka pompe juu ya meza.

— Papa, sisikie kitu. Nitaenda kubadilisha.

Ningeweza kumutukana Bashige tena. Ulimi ulikuwa tayari.

— Mama yako aliacha hii sababu yangu, nikasema. Alikuwa nayo. Mimi ndiye niliirudisha.

— Pa kilio cha mama ulituambia kama pa kituo hawakuwa nayo. Ulisema wakubwa waliiuza.

— Nilisema uongo.

Alisukuma kikombe chake pembeni. Kisha akachukua pompe, akatoka nayo, sikujua kama anaelekea kwa Bashige ao wapi.

Hakunisemesha mpaka dimanche, na kanisani alikaa benchi ya mbele na wanawake wengine. Lakini kila asubuyi, nyuma ya nyumba, nilisikia pompe mara mbili, kisha maji yakizunguka kinywani, kisha akiyatema juu ya mawe ya volcan.