Mfalme Aliyeliliwa Makandana

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997, saa nane na dakika kumi mchana, ukumbi mmoja wa Makandana, mjini Tukuyu, ulikuwa na watazamaji wanne. Wawili walijikinga na manyunyu, wa tatu alisinzia, na wa nne alikuwa Bwana Hezron, mkaguzi wa vibali vya burudani, ambaye kuwapo ndiyo kazi yake. Ng'ambo ya barabara, banda la video la Muddy lilijaa hadi watu wakachungulia madirishani.

Ackson aliwahesabu mara mbili, wakabaki wanne. Alisoma muziki miaka mitatu huko pwani, akarudi Tukuyu na kitu alichokiita muziki wa majaribio: kipande cha bati, ringi ya baiskeli, chupa tatu na ukimya mrefu. Aliutoa kwenye tamthilia za kale za Wagiriki, ambamo mfalme huuawa nyuma ya pazia na raia hubaki jukwaani kumlilia. Tamasha la Mbeya lilikuwa Jumamosi iliyofuata. Bila kibali haendi, na Hezron hasaini chini ya watazamaji hamsini.

"Zamani serikali ingekuletea watu kwa lori," Hezron alimwambia. "Sasa ni soko huria, mwalimu. Wavute mwenyewe."

Ackson aligonga bati kwa robo saa. Aliyesinzia akaamka, akaondoka.

Ikabaki sehemu ya raia. Akawageukia akina mama sita aliowaazima kwenye kwaya ya kanisa.

"Ule mguno wa mazoezini umepooza," akawaambia. "Leo mlie kama mnavyolia."

"Tulie kabisa, tata?" akauliza kiongozi wao, Mama Tusekile, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Kabisa. Na madirisha yafunguliwe, sauti ipate nafasi."

Mama Tusekile alimtazama kidogo, akajifunga khanga kiunoni, akalia. Kila aliapo humkumbuka marehemu mumewe, kwa hiyo kumsimamisha si kazi ndogo.

Tukuyu kilio cha namna ile hakisikilizwi; huitikiwa. Baada ya dakika kumi Muddy alizima video. Wanawake waliingia wakilia tayari, wengine na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na kuni. Wanaume walisimama uani na majembe. Ackson alikuwa ameandika mara nyingi kwamba muziki wake utavunja ukuta kati ya jukwaa na hadhira. Ukuta ulipovunjika kweli, aliona vema aendelee kugonga bati, polepole.

Mzee Ambindwile, jirani wa ukumbi, akaingia na jembe begani.

"Pole, tata. Amekufa nani?"

"Mfalme."

"Malafyale? Si machifu waliondolewa zamani?"

"Huyu ni wa Ugiriki."

"Ndugu yako?"

Ackson akamtazama Hezron. Mkaguzi alikuwa anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, na mia ilishapita. Ackson akisema hakuna maiti, vichwa vile vitatoka, na vikitoka vitataka maelezo.

"Mjomba," akasema.

"Kaburi tuchimbe wapi?"

"Wameshamzika hukohuko."

"Bila sisi?" Ambindwile akasikitika, akaegemeza jembe ukutani. "Wazungu hawa. Basi tutalala matanga."

Hezron akafika na fomu.

"Mia mbili thelathini na saba," akasema. "Sijapata kuona."

"Basi nisainie, Bwana Hezron."

"Nisaini nini, mwalimu? Mimi ni wa burudani. Msiba hauombewi kibali." Akafuta neno *onyesho*, akaandika *msiba wa mjomba wa mwombaji*. Penye watazamaji akaandika *hakuna*. Kisha akavua kofia, akampa mkono. "Pole sana. Na Mbeya usijisumbue. Aliyefiwa juzi akaonekana anagonga chupa jukwaani, watu watamfikiriaje?"

Ackson alifungua mdomo. Mama Tusekile akamshika bega.

"Umewaambia ni mjomba," akamnong'oneza. "Basi kaa chini. Mfiwa hasimami."

Akaketi mkekani. Saa kumi na nusu ndizi zilikuwa zinachemka nyuma ya ukumbi katika masufuria matano. Manne yalikuwa na vifuniko. La tano wakalifunika kwa lile bati.