Kigugumizi Mlimani

Gari la baba lilipoanza kushikwa na kigugumizi mlimani, kila mtu wa nyumba ile alilipima kwa kipimo cha kazi yake. Mama, mshonaji, alisema limechakaa, na kitu kikishachakaa hakishiki uzi. Mtoto wa kwanza alikuwa na duka la miwani, kwa hiyo hata mkewe alimwita Miwani. Yeye alimpima baba zaidi ya gari. Alimkalisha kitini, akamsomesha herufi kubwa na ndogo, akakuta macho ya mzee ni mazima. Basi akahamia kwenye umri, maana umri kwa mzee haukosekani.

"Nimeliendesha mwenyewe mjini kutwa nzima," alimwambia mdogo wake. "Linakwenda vizuri tu. Anayesita ni baba."

Huyo mdogo wake alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji yake nyuma ya soko, na jina la Spana lilikuwa limemganda tangu akiwa mwanagenzi. Alijua kaka yake hasemi kwa ubaya. Majuzi baba alikuwa akilipita lori mlimani, mama yuko kiti cha pembeni, gari likasita katikati ya kupita huku basi likija mbele yao. Walinusurika chupuchupu. Tangu siku hiyo Miwani hakupata usingizi mzuri, na mtu asiyelala hutafuta wa kumlaumu. Kikao cha familia kikakaliwa. Miwani akasema, mama akalia kidogo, Spana akanyamaza. Mnunuzi akapatikana, na jioni ya leo angekuja kulichukua gari. Baba angeendeshwa popote atakapo, kama mgeni wa heshima.

Baba alikuwa dereva wa ambulensi mpaka alipostaafu. Amekimbiza wagonjwa wa watu maisha yake yote bila kukwaruza hata kioo, na leo watoto wake mwenyewe hawauamini mguu wake. Jambo hilo lilimuuma Spana kuliko alivyoonyesha, ndiyo maana alimwomba baba alipitishe gari gereji kabla halijaondoka.

"Hebu niambie, baba. Linafanyaje hasa?"

"Mimi nakanyaga," baba alisema. "Lenyewe linafikiri kwanza. Likimaliza kufikiri ndiyo linakwenda."

"Siku zote?"

"Tukiwa wengi, na tukipanda. Nikiwa peke yangu kwenye tambarare, halina neno. Ndiyo maana kaka yako ananiona mzushi."

Spana alicheka, lakini masikio yalikuwa yameshasimama. Gari lile lilikuwa na turbo, kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, kazi yake kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta kwa nguvu zake. Kwenye tambarare, dereva akiwa mmoja, injini haihitaji msaada huo. Kinachoiamsha turbo ni mlima na mzigo. Kwa maneno mengine, Miwani alikuwa amempima mgonjwa aliyelala na kumpa cheti cha afya.

Akaanza na vitu vya kawaida. Plagi zilikuwa safi. Chujio la hewa lilikuwa jipya. Aliunganisha mashine ya kupima kwenye waya chini ya dashibodi, nayo ikajibu kwamba haioni kosa lolote. Akapuliza hewa ya kompresa ndani ya mabomba, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akainama kutazama kama kuna mahali panapotoa mapovu. Hapakuwa na hata mahali pamoja. Hapo mafundi wengine wangekuuzia plagi mpya na kukutakia safari njema. Spana alivuta kigoda akakaa mbele ya boneti iliyo wazi, akiwa amefurahi kweli. Ugonjwa unaojificha ulimvutia kuliko unaojitangaza.

"Tupande mlima," alisema. Akapakia gia boksi mbovu na betri chakavu nyuma, baba akashika usukani, yeye akakaa pembeni na mashine mapajani. Kwenye kioo cha mashine ilichorwa mistari miwili, mmoja wa mguu wa dereva na mwingine wa hewa ya turbo.

Mlimani baba alikanyaga. Mistari yote miwili ikapanda pamoja. Halafu ule wa hewa ukaanguka, gari likakohoa na kusita, na baada ya hapo tu ndipo ule wa mguu ukashuka. Mguu ulifuata, haukutangulia. Spana alitaka kumkumbatia mzee wake palepale, akajizuia kwa sababu alikuwa bado hajui hewa inakimbilia wapi.

Waliporudi alichukua tochi akaingia chini ya boneti hadi mabegani. Huko chini kila kitu kilikuwa kimejaa vumbi, isipokuwa mahali pamoja padogo, chini ya mpira mnene unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini. Pale vumbi lilikuwa limefagiliwa, na pamebaki matone membamba ya mafuta.

"Nani anafagia huku?" alijiuliza kwa sauti.

Aliukagua mpira kwa vidole, ukaonekana mzima. Akachukua mtaimbo, akaisukuma injini taratibu iegemee upande, kama inavyoegemea inapovuta mzigo. Raba iliyoishikilia injini ilikuwa imechoka, hivyo injini ikaenda mbali kuliko inavyopaswa, ikauvuta ule mpira, na chini yake pakafunguka mdomo. Akaiachia injini. Mdomo ukafumba kabisa, ukakaa kimya kama haujawahi kusema kitu.

"Baba, njoo uone mwongo wako."

Baba aliinama, akatazama mdomo ukifunguka na kufumba, akatazama tena. Alimshika Spana, binti yake, bega, akaenda kunawa uso bombani, na akakawia huko.

Mpira mpya na raba mpya vilipatikana maduka ya jirani, na jua halijaanza kushuka kazi ilikuwa imekwisha. Wakapanda mlima tena, wawili hao hao na gia boksi yao. Baba akakanyaga, gari likavuta kwa raha. Mstari wa hewa ukapanda ukatulia. Halafu, bila sababu yoyote, mstari wa mguu ukaanguka, na gari likapoa.

Spana akaitazama mashine kwa muda. Angeweza kuizima tu, na nani angejua? Lakini hakulelewa hivyo, tena na huyu huyu.

"Egesha, baba." Akaegesha. "Gari limepona. Safari hii ni wewe."

Baba aliutazama mstari wake, akatikisa kichwa polepole.

"Nikikanyaga namsikia kaka yako," alisema. "Nasikia, baba umezeeka. Mguu unajitoa wenyewe. Na wewe nakusikia."

"Mimi sikusema kitu, baba."

"Ndiyo hicho ninachokisikia. Wewe ndiye niliyekufundisha gari. Ulikuwa unaujua mguu huu, ukanyamaza."

Machozi yalimjia Spana, akayaacha. "Nisamehe," alisema. Baba akampa kitambaa cha kufutia kioo, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Walikwenda moja kwa moja dukani kwa Miwani. Spana akashusha vyuma vyake barazani. Kaka mtu alikuwa mtu wa mwili, angetosha peke yake kuwa mzigo.

"Kaa nyuma," Spana alimwambia. "Shika hii mashine. Wewe si mtu wa macho? Soma mistari, na ufunge mdomo mpaka juu."

Njiani alimwonyesha mchoro wa asubuhi, kisha wa mchana. Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akasoma yote miwili tangu mwanzo. Alipofika kwenye ule wa mchana aliinua macho, akaitazama shingo ya baba yake kwa nyuma, akashusha macho tena.

Mlimani palikuwa na trekta likijikokota, na barabara ya mbele ilikuwa wazi hadi juu. Baba akawasha taa ya kupita, akakanyaga. Miwani alishika mshikio wa mlango, midomo ameibana. Mstari wa mguu ulitetemeka, ukajikunja kidogo. Hakuna aliyesema kitu. Kisha ukanyooka, ukapanda pamoja na ule wa hewa, na trekta likabaki nyuma yao.

Kileleni baba aliegesha akazima injini. Simu ya Miwani ikalia. Alikuwa mnunuzi, ameshafika nyumbani na anauliza gari liko wapi.

"Haliuzwi," Miwani alisema, kwa sauti ya chini sana. "Samahani kwa usumbufu. Kosa ni langu."

Akakata simu. Upepo ulikuwa umetulia, na pale juu palikuwa kimya kiasi cha kumsikia inzi akitembea kwenye kioo.

"Hebu rudia," baba alisema, macho yakiwa mbele. "Injini ilikuwa inanguruma, sikukusikia vizuri."

Miwani akarudia.