Kitufe cha Baadaye

Kwa mwaka mmoja na miezi minane fundi wa nguo alibonyeza "Baadaye". Kila Jumapili alasiri, akishafunika cherehani na kuokota pini sakafuni, aliwasha kompyuta ya marehemu mumewe, na kila mara kile kidirisha kilimkodolea macho: mchezo wako una toleo jipya, Kubali au Baadaye. Baadaye, tena na tena. Waliotengeneza mchezo ule walikuwa vichwa vigumu kweli, ila hawakujua wamekutana na nani.

Ulikuwa mchezo wa kuendesha malori. Mumewe alikuwa dereva wa masafa marefu mpaka mgongo ulipomgomea, akabaki nyumbani anaendesha malori ya kwenye kioo. Watu walimwita Kona, maana hakuna kona aliyowahi kuipita asiisimulie. Kilichomshinda ni yule mwanamke wa mchezoni anayeelekeza njia. "Ananiamrisha mimi? Huyu amewahi kubadilisha tairi hata moja?" Basi akajifunika blanketi na simu yake, akarekodi maelekezo yote upya kwa sauti yake, moja baada ya jingine, akayapachika mlemle mchezoni mahali pa yale ya wenyewe. Ruhusa hakumwomba mtu. Kisha akamwonya mkewe jambo moja tu: "Ukikubali toleo jipya, litarudisha vyao lifute vyangu. Hapo ndipo nimekwisha."

Alilisema kwa mzaha. Miezi mitatu haikupita, moyo wake ukasimama.

Tangu hapo fundi, ambaye hata baiskeli hajui, akawa dereva wa Jumapili. Aligonga kingo za barabara, alikwama mitaroni, alifikisha mizigo siku ambayo wenye mizigo wameshaisahau. Hayo hayakumhusu. Alichongoja ni kusikia, "Haya, kushoto hapo, taratibu, usijifanye shujaa." Nyuma ya maneno hayo cherehani ya fundi mwenyewe ilisikika ikikimbia, halafu ikanyamaza, na sauti yake kwa mbali ikauliza, "Wewe, unaongea na nani?" Alizunguka mizunguko isiyo na kichwa wala miguu ili tu akate kushoto. Alimtamani mumewe mpaka vidole vikamuuma, naam, vidole, kwa kuwa ndivyo vilivyozoea kumkanda ule mgongo.

Binti yao wa pekee alikuwa muuguzi nchi ya mbali. Mazishi hakuyawahi, na tangu siku hiyo yeye na mama yake walizungumza kwenye simu habari za mvua na jua. Kisha Jumapili moja akaja na jipya.

"Mama, nimenunua mchezo wa Baba. Nimechoka kutazamana na kuta. Tuendeshe wote, kila mtu na lori lake, barabara moja. Ila toleo lako ni la zamani mno, hatutaonana. Fanya apdeti."

"Nitaangalia."

"Hata wiki iliyopita ulisema utaangalia, nilipokuuliza kama kompyuta inawaka."

"Cherehani imeniharibikia, mwanangu."

Cherehani ilikuwa nzima kabisa. Fundi hakuwahi kumwambia binti habari za ile sauti. Alijidanganya kwamba atamtonesha kidonda, lakini ukweli ni kwamba alikuwa mchoyo. Vingine vyote vya Kona viligawanywa, mashati, viatu, hata redio. Hiki alitaka kiwe chake peke yake.

Wiki iliyofuata binti aliuliza polepole, "Au hutaki kukaa na mimi, Mama?" Fundi akamaliza mazungumzo haraka, akakaa na simu mapajani muda mrefu.

Akapiga moyo konde. Katika kazi yake hakati kitambaa kabla ya kutoa nakala ya karatasi ya kukatia, na nakala hiyo huibana kwa pini kwenye nguo yenyewe, visije vikapoteana. Miaka thelathini hajapoteza nguo ya mteja hata moja. Akafanya vivyo hivyo. Alinakili faili zote za Kona, akazitia kwenye folda mpya, na folda hiyo akaiweka humohumo ndani ya mchezo, ubavuni mwa zile za mwanzo. Ndipo akabonyeza "Kubali".

Ilichukua dakika arobaini. Alipowasha lori na kufika njia panda ya kwanza, mwanamke mmoja mwenye adabu zake akasema, "Geuka kushoto baada ya mita mia mbili."

Fundi akakimbilia folda yake. Haikuwepo. Toleo jipya lilikuwa limefagia nyumba yake yote, na kila kisichokuwa chake kikatupwa.

Simu ikalia. "Mama, nakuona! Si lori la bluu hilo?" Binti alikuwa akicheka, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu msiba, na kicheko hicho ndicho kilichomliza.

"Nimemzika mara ya pili," alisema. Akaeleza yote: blanketi, kushoto, cherehani, na uchoyo wake pia.

Kisha binti akasema, "Baba alinitumia kifurushi."

"Kifurushi gani?"

"Cha faili. Muda mfupi kabla hajaondoka. Aliandika, weka hivi, tuendeshe pamoja. Nilikuwa na zamu mfululizo, Mama. Nikamjibu, baadaye." Akavuta pumzi. "Halafu sikuweza kukifungua tena. Kila nikibadilisha simu nakihamisha, lakini sikifungui."

Safari hii binti ndiye aliyeshika usukani. Alikifungua, akakagua, akakiweka kwenye mchezo wake, akamtumia mama yake, akamwongoza hatua kwa hatua. "Usiweke ndani ya mchezo. Siku hizi kuna folda ya nje, kwenye nyaraka zako, ni ya vitu vya watu kama Baba. Apdeti haifiki huko. Nakala nyingine weka kwenye flashi."

"Flashi naifungia kwenye kopo la vifungo."

"Ifungie. Na nyingine ninayo mimi."

Wakaanza upya. Lori la bluu lilikuwa limesimama kwenye yadi ya mizigo, na kwenye kioo cha pembeni fundi aliona lori jekundu likiingia langoni, likapinda vibaya, likajiweka nyuma yake. Hapo sauti ikatoka, kwenye vyumba vyote viwili kwa pamoja. Lilikuwa neno ambalo fundi hajawahi kulisikia, kwa sababu mchezo hulitoa pale tu wanapokutana madereva wawili, na yeye siku zote aliendesha peke yake.

"Haya, mwenzako huyo amefika," alisema Kona chini ya blanketi lake. "Msubiri. Msiachane njiani."

Lori jekundu halikusogea. Kwenye simu fundi alisikia mtu mzima akilia kitoto.

"Nimechelewa, Baba," binti alisema.

Fundi akavuta breki ya mkono, akasubiri.