Kiti cha Mrithi

Mwaka 1989, ukitaka kumuudhi Ephrasia, ungemwambia tu kwamba watoto wa shule hawanywi pombe. Nesi huyu wa Kashozi alikuwa mratibu wa mpango wa kuwakinga wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba na pombe na bangi, katika shule za Bukoba na Muleba, na tope la wilaya zote mbili lilikuwa limeshamwangusha na pikipiki yake. Alitembea na fomu za maswali kumi na mawili. Mtoto hakuandika jina lake, aliandika namba. Jina na namba vilikutana mahali pamoja tu, ndani ya daftari la Ephrasia, naye alikuwa amewaapia watoto kwamba hakuna mwingine atakayelifungua.

Basi katika shule moja ya Izigo, wavulana tisa waliandika kwamba hulewa. Si kuonja, kulewa hasa. Mwalimu mkuu, Karugendo, akataka majina.

"Nipe hao tisa niwafukuze kabla hawajawaharibu wenzao."

"Niliwaahidi, mwalimu."

"Uliahidi wewe. Leo Jumatatu. Ijumaa nisipoyapata, naandika wilayani kwamba mpango wako unaficha walevi."

Na angeandika kweli, maana Karugendo alikuwa mtu wa kuandikia barua hata mvua iliyochelewa. Barua ikienda, mpango utafungwa. Majina yakitoka, watoto tisa watapoteza shule, na hakuna mtoto Kagera nzima atakayemwambia Ephrasia ukweli tena. Alirudi kwenye chumba alichoazimwa, akafunga mlango, akalia kidogo kwa hasira. Kisha akalifungua daftari, akamwita mmoja wa wale tisa, Elieza, wa darasa la sita, miaka kumi na miwili.

"Unakunywa wapi, mwanangu?"

"Kwenye matanga, Nesi." Mtoto aliangalia miguu yake. "Mimi sinywi kwa kupenda. Mimi ni mrithi."

Baba yake alikufa mwaka uliotangulia, kwa ukimwi, ule ugonjwa ambao wengine bado waliuita Juliana. Tangu hapo, kila ukoo ulipomaliza matanga, Elieza aliketishwa kwenye kiti cha baba yake, akapewa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akakimaliza mbele ya wazee kama baba yake angekimaliza. Rubisi ikipungua, wanaongeza konyagi.

"Mwaka huu umeketi mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Ephrasia aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Yeye Mhaya wa kuzaliwa, aliyelelewa kwenye kibanja cha migomba, aliuliza habari za vilabu, za maduka, za marafiki wabaya. Matanga hakuyauliza, kwa sababu kwao hakuna anayehesabu kibuyu cha mrithi kuwa ni ulevi. Zamani mrithi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na mke. Sasa ugonjwa ulikuwa umewafagia akina baba, na viti vikabaki na watoto ambao miguu yao haigusi chini. Alilifungua tena daftari, akawaita na wale wanane mmoja mmoja. Wote tisa walikuwa warithi.

Siku ya pili alikwenda kwa Mzee Kagaruki, mkuu wa ukoo wa Elieza na mwenyekiti wa kamati ya shule. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alibeba kilo ya sukari aliyoipata kwa Rasiklal, mwenye duka mjini Bukoba. Alipiga magoti, akasalimu, akapewa punje za kahawa za kutafuna. Mzee alifurahia sukari kuliko maneno.

"Mrithi asiyekunywa cha baba yake amemkana baba yake," alisema.

"Ni kweli, waitu," Ephrasia alijibu kwa heshima. "Lakini cha baba yake ni kipi?"

"Kilichotoka kwenye kibanja chake."

"Na mulamba hautoki hapo? Ndizi ni zilezile, mtumbwi wa kukamulia ni uleule. Juisi hiyo ikilala na mtama ndipo tunaiita rubisi."

Mzee alitafuna.

"Tata, mmezika baba. Mkimlevya na mwana mpaka afe, nani atakaa kwenye kile kiti?"

"Umeanza lini kutuhesabia vifo vyetu?" aliuliza Kagaruki, akainuka, akaingia ndani. Ephrasia alibaki na kahawa mdomoni, akajua ameshindwa.

Alhamisi ulimalizwa msiba mwingine wa ukoo uleule, na Ephrasia alikwenda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Karugendo naye alikuwepo, kalamu mfukoni, kaja kuwaona walevi kwa macho yake. Elieza aliketishwa. Kagaruki mwenyewe alileta kibuyu, akakiinua watu wakione, akampa mtoto. Elieza akanywa kwa hofu, akasita, akamtazama mzee, kisha akanywa tena kwa pupa, na utamu ukamchuruzika kidevuni.

"Ni mulamba," Kagaruki akawatangazia watu. "Umetoka kwenye kibanja cha baba yake. Kuanzia leo, mrithi ambaye hajaota ndevu atakunywa huu. Nimeshaongea na wakuu wa koo nyingine, wamekubali. Atakayempa mtoto rubisi, nisimwone kwenye msiba wangu."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba mila inauawa. Kagaruki akamjibu kwamba wanaouawa ni watoto. Kisha mkuu wa ukoo akamgeukia Karugendo.

"Mwalimu, nasikia kesho unataka majina. Umekosea swali. Uliza majina ya waliowanywesha, na uanze na langu. Toa kalamu, andika Kagaruki."

Karugendo aliishika kalamu, hakuitoa. Wanawake walipasua vigelegele msibani, jambo lisilofanyika, na Ephrasia alipiga cha kwake kikavishinda vyote.