Uzi wa Buluu kwenye Ngano

Kila kadi ya posta ilipoingia kutoka ng'ambo, Kiprugut alijisikia kama mtu aliyekutwa mkono wake umo ndani ya chungu cha jirani. Kadi zote ziliomba kitu kimoja: Dakta Whitcombe, tafadhali tutumie nakala ya makala yako juu ya ngano isiyoshika ugonjwa wa kutu. Zilitoka Kanada, Australia, India, na kila nchi mpya ilipojitokeza Dakta alichoma pini nyekundu kwenye ramani ya ukutani huku akisugua mikono. Kufikia mwaka huo wa 1957 pini zilikuwa kumi na tisa. Wataalamu wa urithi wa mimea walimtaja katika maandishi yao, na kituo chao kidogo cha utafiti nje ya Nakuru kikaanza kupata jina.

Kutia nakala kwenye bahasha na kuzipeleka posta ilikuwa kazi ya Kiprugut. Mwisho wa makala palikuwa na sentensi moja ya shukrani kwa nyapara Kiprugut arap Kosgei, ambaye jicho lake kali ndilo lililoitambua mimea hiyo shambani. Sentensi hiyo ilimtoa juani, ikampa koti jeupe na kiti maabarani. Wenzake walimtania kwa kumwita Profesa. Alicheka nao, kisha chakula kikamshinda.

Maana jicho lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Chelangat, mama aliyefanya kibarua cha kupalilia. Amri ya kituo ilikuwa kwamba mmea wowote usiofanana na wenzake ung'olewe, usije ukachafua mbegu. Chelangat aliona mashina sita marefu yamesimama safi, na ngano yote iliyoyazunguka imekuwa nyekundu kwa kutu. Akakataa kuyang'oa. Alichomoa uzi wa buluu kwenye mkono wa sweta yake, akayafunga ili mtu asiyaguse. Kiprugut, ambaye alipenda mno kutiiwa, akaenda ofisini kumshtaki kwa ukaidi. Saa nne asubuhi mama wa watu alikuwa ameshafukuzwa, na jembe limerudishwa stoo.

Alasiri Dakta alipita shambani, akapiga magoti mbele ya yale mashina, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umechangamka.

"Nani nafunga hii uzi?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha kizungu.

"Mimi," Kiprugut akasema. Lilimtoka jepesi, hata yeye likamshangaza.

Sasa, miaka mitatu baadaye, Dakta alimwita akamweleza kuwa anaandika makala nyingine, na safari hii majina yao mawili yatasimama pamoja pale juu. Alichotaka tu ni Kiprugut aeleze aliitambuaje ile mimea. Kiprugut alifungua mdomo aseme uongo wa pili, ukakataa kutoka. Akatoboa yote, mpaka habari ya sweta.

Dakta aliitazama ramani yake. Kisha akasema, kwa upole, kwamba makala imeshasomwa katika nchi kumi na tisa, mashina yalikuwa ya kweli, na mwenye uzi habadilishi sayansi. Apumzike, Jumatatu wataendelea. Kiprugut alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kusamehewa namna ile kulimtia aibu kubwa zaidi.

Jumamosi alipanda gari la moshi mpaka Gilgil, nakala moja ya makala mfukoni, akamkuta Chelangat kwenye shamba la mzungu mmoja akianika maua ya pareto. Sweta ilikuwa ile ile, mkono mmoja umefumuka hadi kwenye kiwiko. Kiprugut alisema yake amesimama, bila kujitetea. Mama alimsikiliza huku akigeuza maua. Alipomaliza, akajipangusa viganja, akaipokea ile nakala na kuweka kidole mahali alipoonyeshwa, kwa kuwa hakujua kusoma.

"Hapa imeandikwa nini, nyapara?"

"Imeandikwa mtu mwenye aliona ile ngano, mama."

"Ni nani?"

Kiprugut alikitazama kile kidole chenye manjano ya pareto, kimetulia juu ya jina.

"Mimi," akasema. Mara hii alikuwa amesema kweli, maana ndilo jina lililoandikwa, na ilimuuma kuliko ule uongo.